Njaa ya saa 4 inakaa wapi, tumboni au kichwani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, nauza vitumbua hapa Tanga. Kila Ramadhani, siku tatu nne za mwanzo njaa inanibana ikifika saa 4 asubuhi, halafu saa 6 inaondoka yenyewe na sijala kitu. Likiingia kumi la pili hata sikumbuki kama kuna chai. Lakini miezi mingine chai ya saa 4 ikichelewa kidogo tu nakuwa mkali na mikono inatetemeka. Mume wangu anasema ni uroho. Mwaka juzi nilijinyima nikapungua kilo 9, zimerudi zote na nyongeza juu. Sasa jirani yangu anajichoma sindano alizoagiza kwa mtu wa mtandaoni, anasema chakula hakimwiti tena. Njaa inakaa wapi hasa? Na mimi nikachome? (Mama Rehema, Tanga)

JIBU: Marahaba, Mama Rehema. Swali lako umelijibu nusu mwenyewe. Njaa inayokuja saa 4, ikakubana, kisha saa 6 ikaondoka bila kupewa hata tonge, haiwezi kuwa tumbo tupu peke yake. Ingekuwa tumbo tupu ingezidi kila saa inayopita, na ikifika alasiri ungekuwa umelala chini. Hiyo yako ni njaa ya miadi. Inakuja saa iliyozoea kufunguliwa mlango, inabisha hodi, isipofunguliwa inakwenda zake, kisha inarudi saa ya mlo unaofuata.

Anayebisha hodi ana jina: ghrelini. Ni homoni, yaani ujumbe unaotengenezwa na kiungo kimoja, ukasafiri kwenye damu, ukasomwa na kiungo kingine mbali. Hapa neno letu "tumbo" linatusumbua kidogo, maana Kiswahili kinaita tumbo kila kilichopo kati ya kifua na nyonga. Nikisema tumbo katika jibu hili nakusudia ule mfuko wenyewe unaopokea chakula. Sehemu ya juu ya mfuko huo ndiyo inayotoa ghrelini nyingi zaidi mwilini.

Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao wa Japani waliitangaza mwaka 1999. Hawakuwa wakitafuta njaa. Walikuwa wakitafuta kinachoamsha homoni ya ukuaji, wakaikuta tumboni, mahali ambapo wengi hawakufikiria kutazama. Miaka miwili baadaye watafiti wa Marekani walichukua damu za watu mchana na usiku, mara kwa mara, wakaona ghrelini inapanda karibu mara mbili kabla ya kila mlo na kushuka ndani ya kama saa moja baada ya kula. Wengine wakapima watu waliofunga saa 24 nzima. Ghrelini ilipanda nyakati zile zile za kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha usiku, kisha ikashuka yenyewe, ingawa hakuna aliyekula. Ni Ramadhani yako hiyo, imeandikwa kwa tarakimu.

Tumbo linajuaje saa? Kwa mazoea. Ukila saa 4 kila siku, tumbo linajifunza kujiandaa kabla ya saa 4. Ukibadili ratiba ukaishikilia siku kadhaa, nalo linabadili. Mimi mwenyewe nilipokuwa nafanya zamu za usiku, wiki ya kwanza nilikuwa nikiangalia wali wa saa 8 usiku kama adhabu. Wiki ya tatu ikifika saa 7 na nusu nilikuwa naulizia kama umeiva. Kwa hiyo nyumbani usiseme "nina njaa kwa sababu nimechelewa kula." Sema "nimeifundisha njaa kuja saa hii."

Zamani tuliamini njaa ni mngurumo tu. Mwaka 1912 pale Harvard, Walter Cannon alimtumia mwanafunzi wake, Washburn, aliyejizoeza kumeza mpira mwembamba uliounganishwa na bomba la kupimia. Mpira ukapulizwa ndani ya tumbo, na kila tumbo lilipojikaza kijana alisema anasikia njaa. Jaribio zuri, lakini lilitupoteza, kwa sababu watu walioondolewa tumbo lote kwa upasuaji bado wanasikia njaa. Tumbo linatuma ujumbe. Anayesoma na kuamua yuko kichwani.

Msomaji huyo ni haipothalamasi, sehemu ndogo chini kabisa ya ubongo. Ndani yake kuna makundi mawili ya seli za fahamu yanayovutana: moja linasukuma "kula", jingine linasema "imetosha". Ghrelini inaliamsha la kwanza. Ndiyo maana maji ya kudanganyia njaa hayadumu. Maji yanalitanua tumbo, na kutanuka huko kunatuliza kwa muda kupitia neva, lakini ghrelini haishuki kwa maji matupu. Inashuka chakula kinapofika, hasa cha wanga na cha protini. Mafuta yanaishusha kwa uzembe zaidi.

Tuje kwenye shibe, ambayo ndiyo yenye wafanyakazi wengi. Njaa ina mjumbe mmoja mkubwa anayejulikana, shibe ina kikosi. Sijui kwa nini watu wanaogopa zaidi njaa wakati kinachoharibika mara nyingi ni shibe kuchelewa kusikika.

Wa kwanza kazini ni kolesistokinini, tuiite CCK kama wanavyoiita maabara. Chakula chenye mafuta na protini kikitoka tumboni kuingia mwanzo wa utumbo mwembamba, seli za hapo zinamwaga CCK. Inaubana mfuko wa nyongo ili nyongo itoke, inaliamuru kongosho litoe vimeng'enya, inalizuia tumbo lisimwage haraka, na inaigusa neva ya vagasi, ule uzi mrefu unaotoka shina la ubongo kushuka hadi matumboni. Ubongo unasikia: punguza tonge. Mwaka 1973 Gibbs, Young na Smith waliwachoma panya CCK, na panya wakala mlo mdogo. Kila mtu akafurahi, dawa ya unene imepatikana! Baadaye panya wakapewa CCK katika kila mlo kwa siku nyingi. Kila mlo ulikuwa mdogo kweli, ila wakaongeza idadi ya milo, na uzito haukwenda popote. Kisa hiki nawasimulia wanafunzi kila mwaka, kwa sababu kinatenganisha mambo mawili: kinachomaliza mlo na kinachoamua uzito.

Chini zaidi, mwisho wa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana, kuna seli nyingine zinazotoa homoni mbili kwa pamoja: PYY na GLP-1. Hizi zinachelewa kufika kileleni, lakini zinakaa. Zinapunguza kasi ya tumbo na kupeleka habari ubongoni kupitia vagasi, na PYY inafika huko pia kwa njia ya damu. GLP-1 ina kazi ya ziada: inalihimiza kongosho kutoa insulini, lakini pale tu sukari ya damu iko juu. Tangu 1964 ilijulikana kwamba glukosi ikinywewa inaamsha insulini nyingi kuliko glukosi ile ile ikitiwa kwenye mshipa, hata kama sukari ya damu ni sawa. Maana yake utumbo unaliambia kongosho kitu. GLP-1 ni mmoja wa waliokuwa wakinong'ona.

Mpaka ujumbe wa huku chini usikike vizuri, dakika kama 15 hadi 20 za kula zimepita. Anayemaliza sahani kwa dakika 6 anasimama kabla barua haijafika, anaongeza, kisha nusu saa baadaye analalamika amevimbiwa. Wala si uroho. Amekula haraka kuliko posta yake.

Kongosho nalo si la sukari tu, ingawa redioni hutajwa siku ya kisukari peke yake. Seli zake za beta zikitoa insulini zinatoa pamoja nayo homoni nyingine, amilini, kwa kiasi kidogo zaidi. Amilini inakwenda sehemu ya shina la ubongo ambako damu inasomwa bila kizuizi, na inasema mlo utoshe. Pia inalishika tumbo lisimwage haraka. Marekani waliidhinisha dawa inayoiga amilini mwaka 2005, kwa wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini. Aliyeharibikiwa na seli za beta hakosi insulini tu, anakosa na amilini yake.

Na insulini yenyewe? Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, hata wauguzi. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani waliingiza insulini kidogo kidogo ndani ya ubongo wa nyani, hawa hawa nyani tunaowafukuza mashambani. Wakala kidogo, uzito ukashuka. Ndani ya ubongo insulini ni taarifa ya ghala: akiba ipo, tulia. Lakini insulini ikizidi kwenye damu hadi sukari ikaanguka, ubongo unapiga king'ora na mtu anakula chochote kilicho karibu. Homoni moja, mahali pawili, matokeo mawili. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza kabla hajagunduliwa anakula sana na anakonda: sukari imejaa damuni, lakini taarifa ya ghala haifiki. Bibi zetu wangesema amelogwa. Mwili wake unasoma kwamba ana njaa, na kwa namna fulani anayo kweli.

Sasa kilo zako 9. Hili ndilo ninalotaka mume wako asome, nawe umsomee kwa sauti. Katika utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa 2011, watu 50 wenye unene walikula chakula kidogo sana kwa wiki 10, na waliofika mwisho walipungua kilo 13 hivi kwa wastani. Wakapimwa mwanzo, baada ya kupungua, na tena mwaka mmoja baadaye. Mwaka ulikuwa umepita na uzito umeanza kurudi, lakini ghrelini yao ilikuwa bado juu kuliko kabla ya kujinyima, huku CCK, PYY na leptini zikiwa bado chini. Leptini sijaitaja kwa sababu haitoki utumboni. Inatoka kwenye mafuta ya mwili, iligunduliwa 1994 na kundi la Jeffrey Friedman huko New York, na kazi yake ni kuueleza ubongo akiba imebaki kiasi gani. Mafuta yakipungua, leptini inaanguka, na ubongo unasoma "msimu wa njaa umeingia".

Kwa hiyo ulipojinyima ukapungua kilo 9, anayebisha hodi aliongezewa nguvu na walinzi wa shibe wakapunguzwa, wote kwa wakati mmoja, na haikuwa kwa wiki moja tu. Huo si udhaifu wa tabia. Ni mwili uliorithiwa kwa watu waliopita kwenye njaa za kweli. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mume wako ambaye hajapungua hata kilo moja ndiye mwenye shibe katika msemo huo. Mwambie nimesema mimi, asikasirike na wewe.

Kuna jambo jingine limejificha kwenye kazi yako. Muuza vitumbua anaamka saa ngapi? Naamini si zaidi ya saa 10 alfajiri, na kulala mapema ukiwa na watoto si rahisi. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 12 wa kiume kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, kwa siku mbili. Leptini ilishuka asilimia 18, ghrelini ikapanda asilimia 28, na vijana wakatamani hasa vitu vitamu na vya wanga. Walikuwa wachache na siku zilikuwa chache, sikuambii ni mwisho wa mambo. Lakini nikiona mtu anayelala kwa muda wa saa 5 tu kila usiku na anasema chai ya asubuhi inamkimbiza, nauliza kwanza habari ya kitanda, halafu ndiyo sahani.

Chakula chenyewe? Utafiti mmoja naurudia mara nyingi. Marekani, 2019, watu 20 waliishi hospitalini wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana, wiki mbili chakula kilichopikwa kwa vitu vya asili. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula atakavyo. Kwenye vya viwandani walikula kama kilokalori 500 zaidi kwa siku, na walikula kwa kasi zaidi. Walipokuwa kwenye chakula cha asili PYY ilipanda na ghrelini ikashuka. Hakuna aliyewaambia wajizuie.

Wewe una bahati ambayo wakazi wa miji mikubwa wanaililia: kisamvu, kunde, maharage, samaki, dagaa. Sikutungii orodha ya kula. Nakuomba ujaribu mpangilio. Anza na mboga na maharage au samaki, wali au ugali uufuate. Jaribio dogo lililofanywa New York mwaka 2015 kwa wagonjwa wa kisukari lilionyesha kwamba chakula kile kile, protini na mboga zikitangulia wanga, sukari ya damu haipandi sana kama wanga ukitangulia. Nyuzinyuzi nazo zikifika utumbo mpana zinachachushwa na bakteria, na asidi zinazotokea huko zinaziamsha zile seli za GLP-1 na PYY. Chai ya saa 4 usiiache, ihamishe. Ukiipeleka saa 5 kila siku kwa wiki mbili, na ukaweka yai au mbaazi badala ya vitumbua viwili vya biashara yako, njaa itakufuata saa 5. Umeshaifanya hiyo kila Ramadhani bila kuombwa.

Turudi kwa jirani. Anachojichoma, kama ni chenyewe, ni GLP-1 iliyofanyiwa ujanja. Ile ya mwilini ina ila moja: kimeng'enya cha kwenye damu kinaikata, na nusu yake inapotea ndani ya kama dakika 2. Njia ya kwanza ya kuizunguka ilitoka mahali pa ajabu. Daktari John Eng wa Bronx, New York, alieleza mwaka 1992 kitu kinachofanana na GLP-1 ndani ya sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila, na kitu hicho hakikatwi kirahisi. Kikazaa eksenatidi, iliyoidhinishwa Marekani 2005 kwa kisukari. Semaglutidi, ambayo watu wanaijua kwa jina la Ozempic, haitokani na mjusi. Ni GLP-1 ya binadamu iliyobadilishwa, na nusu yake inabaki mwilini kwa kama wiki nzima.

Inafanya kazi, sitaficha. Katika jaribio kubwa la watu 1,961 lililochapishwa 2021, waliochoma semaglutidi kila wiki kwa wiki 68 walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochoma maji yasiyo na dawa asilimia 2.4, wote wakiwa na ushauri wa chakula na mazoezi. Tirzepatidi, inayoiga GLP-1 pamoja na homoni nyingine ya utumbo iitwayo GIP, ilipita asilimia 20 kwa dozi ya juu. Jirani anaposema chakula hakimwiti tena, anaeleza vizuri kuliko vitabu: dawa inafika ubongoni, si tumboni tu.

Lakini walipoacha, baada ya mwaka walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Unaona ni hadithi ya kilo zako 9 tena. Kichefuchefu, kutapika na kufunga choo ni vya kawaida, mawe ya nyongo yanaongezeka, na mara chache kongosho linavimba. Haitumiwi na mjamzito, wala na aliye na historia ya saratani fulani ya tezi la shingo katika ukoo. Na kalamu zake kabla ya kufunguliwa zinatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Muuzaji wa mtandaoni aliyeituma kwa basi kutoka Dar mchana wa Januari, unajua ilikuwa na joto gani? Tena Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutidi bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa. Siwezi kujua kilichomo kwenye sindano za jirani yako, naye hajui. Kwako jibu langu leo ni hapana, usichome, si kwa sababu dawa ni mbaya, ila kwa sababu hujapimwa na muuzaji si mfamasia.

Kupimwa ndilo jambo la haraka, na ni kwa ajili ya ile mikono inayotetemeka. Ghrelini inaleta njaa na ukali, hilo sawa. Kutetemeka ni kazi ya adrenalini, homoni ya dharura, na huja sukari inapoanguka au inaposhuka kwa kasi. Kwa mtu asiyetumia dawa za kisukari ni nadra ishuke hadi hatari, lakini mama wa miaka 41 aliyeongezeka uzito asikisie. Nenda asubuhi kituo cha afya upimwe sukari ya damu kabla ya kutia kitu mdomoni, angalau saa 8 tangu mlo wa mwisho, maji tu yanaruhusiwa. Sukari ikiwa chini ya 6.1 (milimoli kwa lita) tutatafuta sababu nyingine, pamoja na damu kupungua na tezi. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Ikifika 7.0 au zaidi, rudia siku nyingine, kisha kabla ya Ramadhani ijayo tukae tuzungumze namna ya kufunga, maana baadhi ya dawa za kisukari haziendani na saumu bila kupangwa upya. Na siku mikono ikitetemeka, kama duka la dawa liko jirani, pima pale pale kabla hujagusa chai. Namba hiyo moja itanieleza mengi, niandikie.